Kuongea imani yako waziwazi: ushuhuda wetu ulitoka wapi na umekwama wapi

Mkristo wa huku kwetu hana shida ya kulitaja jina la Yesu. Tunalitaja kwenye salamu, kwenye stetasi za wasapu, nyuma ya daladala, kwenye bango la duka la vipodozi, na kikao cha harusi kinafunguliwa kwa sala kinafungwa kwa sala. Lakini ngoja mtu mnayefanya naye kazi miaka yote akuulize kwa upole tu mkiwa mnakula mchana, hivi wewe hasa unamwamini Mungu kwa sababu gani, amekufanyia nini. Hapo wengi tunakwama. Mmoja anaanza kumwaga mistari, mwingine anamkaribisha kanisani jumapili, mwingine anasema Mungu ni mwema alafu anabadilisha mada, na yule mwenzetu alikuwa ameuliza swali la kweli, alikuwa anataka kujua.

Watu wengi wanasema ni woga. Woga upo, sikatai, ila mi naona tatizo kubwa ni kwamba tumechanganya vitu vinne tukaviita vyote kushuhudia. Kuna kuhubiri, yani kulitangaza neno kwa watu, na hio ni kazi yenye maandalizi yake. Kuna kutetea imani kwa hoja, pale mtu anapouliza Yesu anawezaje kuwa Mungu au Biblia ilikusanywaje, hapo inabidi uwe umesoma. Kuna kujitambulisha, ile "Bwana Yesu asifiwe, naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Yesu", ambayo inawaambia wenzako kanisani wewe ni wa wapi. Na kuna ushuhuda wenyewe, ambao ni kusema kile ambacho Mungu amekutendea wewe, unachokijua kwa sababu kilikupata. Angalia yule kipofu wa Yohana 9, Mafarisayo wanambana kwa maswali ya kitheolojia, wanataka atamke kwamba Yesu ni mwenye dhambi, na yeye anawaambia hilo silijui, najua neno moja, nilikuwa kipofu na sasa naona. Hakujifanya mwalimu. Alibaki kwenye kile anachokijua na wakashindwa kumtoa pale, mpaka wakaishia kumfukuza.

Sasa hii desturi ya mtu kusimama mbele za watu na kusema nilikuwa hivi Yesu akanifanya hivi haikuanza na makanisa ya juzi yenye spika kubwa. Kwa ukanda wetu, kwa sehemu kubwa sana, imetoka kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki, lile wimbi la toba na wokovu lililopita kwenye makanisa ya ukanda huu, na ukiijua hio habari ndo unaelewa kwa nini tunaongea tunavyoongea. Septemba 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya misheni kule Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na amevunjika moyo, na pale kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi. Wakakaa siku mbili wanasoma Biblia na kuomba pamoja, mzungu na mwafrika, katikati ya ukoloni, wote wawili wanalia na jambo moja, kwamba waliobatizwa ni wengi ila ndani pamekauka. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha, na katika miaka hio ya 1930 moto ukawaka pale Gahini, ukaenda Kigezi na Buganda kule Uganda, ukashuka Burundi, ukaingia Kenya mwaka 1937, ukavuka mpaka kuja Tanganyika kupitia upande wa Bukoba. Kigozi mwenyewe alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, akiwa anawaambia watu wa kanisa lake neno moja tu, amkeni.

Kilichowashtua watu wakati ule ni kwamba waliookoka walikuwa wanataja vitu. Mtu anarudisha mali aliyoiba, anaibeba mchana kweupe mpaka kwa mwenyewe na anasema hii niliichukua kwako. Mume anaomba radhi kwa mke wake, jambo ambalo kwa mila za wengi halikuwepo kabisa. Wamisionari nao, sio wote lakini wapo, walisimama mbele ya waafrika wakakiri kiburi chao na dharau yao ya rangi. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Kigezi na ambaye wazee wa Dodoma wanamjua maana aliwahi kufundisha shule pale, alisimulia kwamba baada ya kuokoka mwaka 1941 ilimbidi apande baiskeli aende mbali sana kumwona mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia, amwambie nilikuwa nakuchukia, nisamehe. Hebu fikiria uzito wa hio sentensi kwa mzungu wa mwaka 1941 aliyezoea kuitwa bwana. Huo ndo ulikuwa ushuhuda, na kila aliyesikia alielewa kwamba kuna kitu kimemtokea huyu mtu, hata kama hakubaliani na dini yake.

Na haukuwa wa jukwaani peke yake. Ndugu, ndivyo walivyoitana watu wa uamsho, walikuwa wanakutana kwenye ushirika kila wiki, wanakaa kwa mzunguko, mmoja anasema hali ya moyo wake ilivyo, wenzake wanamsikiliza, akimaliza wanaimba Tukutendereza Yesu, yani tunakusifu Yesu, kwa Kiganda hata kama wao ni Wakikuyu au Wahaya. Walikuwa na msemo wa kutembea nuruni, wameutoa 1 Yohana 1:7, na maana yake kwa vitendo ni kwamba ndugu yako ana haki ya kukuuliza. Ukisema umeacha pombe na yeye alikuona jumamosi, anakuuliza pale pale. Kwa hiyo ulikuwa huwezi kutoa ushuhuda wa kupamba, maana unaowaambia wanakujua, wanajua shamba lako na wanajua na ulimi wako. Hii point naiomba uishike vizuri kwa sababu ndo iliyopotea.

Haikuwa tamu muda wote. Kulikuwa na ndugu waliogeuka mahakimu wa wenzao, mtu asiyekiri dhambi kwa mtindo wao anaonekana hajaokoka. Mwaka 1941 pale chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, baada ya mvutano na uongozi juu ya sala zao za alfajiri na kuhubiri kwao juu ya dhambi ndani ya chuo. Mimi moyo wangu uko na wale wanafunzi, lakini nakiri pia kwamba kushuhudia kunaweza kugeuka silaha ya kuwapima wengine, na anayepimwa hasikii tena habari njema, anasikia mashtaka.

Basi miaka ikapita, watoto na wajukuu wa wale wazee wakarithi maneno. "Nimeokoka, nampenda Yesu, Yesu ni Bwana na mwokozi wa maisha yangu, naendelea vizuri na safari ya wokovu." Sina ubaya na hayo maneno, ni ya kweli, nami nayasema. Ila ukichunguza utaona hayana hata kitu kimoja kinachomhusu huyo anayesema, unaweza kumpa mtu mwingine yeyote akayasema na hakuna kinachobadilika. Yule wa Gahini alisema niliiba hiki kwa fulani. Huyu wa leo anasema nilikuwa mwenye dhambi. Wote wawili wanaongelea dhambi, lakini wa kwanza anaweza kuulizwa swali na wa pili hawezi, hakuna pa kumshika. Na mtu wa nje, jirani yako asiye mkristo au ndugu yako aliyeacha kusali, anahisi hio tofauti haraka sana.

Alafu likaja wimbi lingine la shuhuda za kwenye tv na kwenye klipu, nimepata viza, nimepata gari, nimejenga, daktari alisema haiwezekani sasa nina mapacha. Kumshukuru Mungu kwa viza sio kosa, yeye ndo anatoa riziki. Shida ni nani anapewa maiki. Aliyeomba akapona anapewa. Mama aliyefunga na kuomba na mtoto bado akafariki, hakuna anayemwita mbele, na siku akipanda mwenyewe mchungaji anapata wasiwasi atasema nini. Matokeo yake mtu anakaa kanisani miaka anasikia kwamba imani ya kweli inaishia na gari, na siku yake ya msiba ikifika anajiona yeye peke yake ndo Mungu amemruka. Wakati Biblia yenyewe haina aibu na hayo mambo. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba uondolewe na haukuondolewa, na aliandika, hakuficha. Wale vijana watatu kwenye Danieli 3 walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, alafu wakaongeza "bali kama si hivyo", hata asipotuokoa hatuisujudii sanamu yako. Ushuhuda wenye maana una nafasi ya "bali kama si hivyo". Mi nadhani mtu anayesema niliomba, sikupona, na bado namng'ang'ania Mungu kwa sababu hizi na hizi, huyo anaweza kumsaidia mgonjwa aliyelazwa kuliko shuhuda kumi za kupona, kwa sababu mgonjwa anajikuta ndani ya maneno yake.

Sasa kuna kitu watu wanauliza sana, je kuwa wazi maana yake niseme kila kitu? Hapana, na hapa wapendwa wengi wameumia na wameumiza wengine. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi, haikusema tuziweke kwenye grupu la kwaya. Kanuni ambayo wazee wengi wa kanisa wanaitumia, na mi naiona ina busara, ni kwamba toba iende mpaka pale madhara yalipofika. Umemkosea mkeo, malizana na mkeo. Umeiba hela ya kikundi, kikundi kinapaswa kujua. Umekuwa na mawazo mabaya juu ya mtu ambaye hajui chochote, mwambie Mungu na mtu mmoja unayemwamini, usiende kumpa huyo mtu mzigo ambao hakuwa nao. Na dhambi ya uzinzi ina watu wawili, ukisimama madhabahuni ukaanza kuisimulia kijiji kizima kitakaa kinamtafuta yule wa pili mpaka kimpate, pengine ameshatubu kimya kimya na ana ndoa yake. Hali ya afya ya mwenzako, ukimwi wa mume, mimba iliyotoka ya binti yako, hivyo ni vya wenyewe, huna ruhusa ya kuvifanya ushuhuda wako hata kama vilikugusa wewe vibaya sana. Unaweza kusema "tulipita kipindi kigumu nyumbani" na ukaongelea moyo wako wewe tu, inatosha kabisa na hakuna atakayesema umeficha.

Na usimsahau anayekusikiliza, hasa akiwa chini yako. Bosi akianza kumshuhudia mfanyakazi wake wa mkataba, huyo mfanyakazi atasema amen kwa sababu ya kodi ya nyumba. Nesi anayemwambia mgonjwa kitandani okoka kabla hujafa anaongea na mtu asiyeweza kuinuka akaondoka. Mwalimu na mwanafunzi, mfadhili na anayesaidiwa, vivyo hivyo. Sisemi wenye nafasi wanyamaze, nasema wasubiri kuulizwa, na mara nyingi wataulizwa, maana wanaokaa chini yako wanakuangalia kuliko unavyodhani. 1 Petro 3:15 inatwambia tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Mstari huo unadhani kuna mtu ameuliza. Petro alikuwa anawaandikia watu waliokuwa wachache na wanaoteswa, kwa hiyo ile picha ya mtu anayemvamia abiria mwenzake kwenye basi la Mbeya kuanzia Ubungo mpaka Chalinze sioni kama inatokea pale.

Kwa sisi tunaoishi na Waislamu, na kwa Tanzania hiyo ni karibu kila mtu, upole ni sehemu ya ujumbe wenyewe. Katiba yetu ibara ya 19 inatupa uhuru wa kutangaza dini na kueneza dini, na inasema ni jambo la hiari ya mtu. Kanuni ya Adhabu nayo inamkamata anayetoa maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine. Wenye umri wangu wanakumbuka ile mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, ya pande zote mbili, watu wanasimama uwanjani huyu anatumia Kurani kumkanyaga Muislamu na yule anatumia Biblia kumkanyaga Mkristo, na watu wanashangilia kama mechi. Mi sioni kama ile ilikuwa ushuhuda. Hakuna mtu pale aliyesema Mungu amenitendea nini, kila mmoja alikuwa anaongelea ubaya wa mwingine. Jirani yangu Muislamu akiniuliza kuhusu Yesu namjibu waziwazi, simfichi kwamba naamini ni Mwana wa Mungu na alikufa kwa ajili yangu, najua yeye haamini hivyo na simtegei maneno laini ili asigundue. Na yeye namwuliza anavyomwomba Mungu, namsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nataka kweli kujua, na kwa sababu mtu asiyesikiliza hana anayemwamini akiongea.

Kuna jambo moja zito kwenye historia hii ambalo watu hulikwepa, mi naona bila kulisema makala yote haina uaminifu. Uamsho ulizaliwa Rwanda. Na Rwanda hiyo hiyo, mwaka 1994, watu zaidi ya laki 8 waliuawa ndani ya siku kama 100, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia, Ntarama, Nyamata, Nyange. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Inakuwaje nchi iliyojifunza kukiri dhambi hadharani ifike pale? Majibu ni mengi, kuna siasa, kuna ukoloni, kuna viongozi wa makanisa waliokaa karibu mno na serikali. Lakini kwa upande wa ushuhuda mi naona hivi, watu walizoezwa kutaja pombe, uzinzi, wizi, na chuki ya kabila ikabaki haitajwi kama dhambi yenye jina lake. Miaka ile ile ya 1930 ambayo moto uliwaka Gahini ndo Wabelgiji walikuwa wanawaandika Wanyarwanda kwenye vitambulisho, huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Wapo ndugu waliosimama, wakaficha wenzao, wakakataa kutenganishwa na wakafa pamoja, na heshima yao ni kubwa. Kenya pia, wakati wa Mau Mau, yale mapigano ya kupinga ukoloni ya miaka ya 1950, walikuwepo waliookoka waliokataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki ya serikali, wakauawa kwa hilo. Kwa hiyo inawezekana. Ila lazima uvitaje, chuki yako dhidi ya kabila fulani, unavyomlipa dada wa kazi, rushwa uliyotoa kupata kiwanja, hivyo ndo vitu vya kuleta nuruni. Mtu akishuhudia miaka 20 na hajawahi kugusa hela wala kabila, kuna chumba amefunga.

Na gharama ya kusema inaweza kuwa kubwa sana. Janani Luwum aliokoka kijijini kwao Acholi Januari 1948 akiwa mwalimu, kwenye mikutano ya ndugu wa uamsho, na alipokuwa askofu mkuu wa Uganda yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua Februari 1977 kuhusu mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Tarehe 16 mwezi huo huo akauawa. Kivengere akatoroka usiku na mke wake Mera, wakapita milimani kwa miguu hadi Rwanda. Kwenye ibada ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa London, alisikia yale maneno ya Yesu, Baba wasamehe, na akaona kwamba ndani yake anamchukia Amin na kwamba hana ruhusa ya kuendelea hivyo. Akayasema hadharani, akaandika na kitabu, na wapo waliokasirika wakaona anamsafisha muuaji. Hakumsafisha, aliendelea kuyasema maovu ya Amin waziwazi. Alichokikataa ni kuibeba ile chuki, na alisema hivyo hivyo ilivyokuwa, kwamba alikuwa nayo.

Sasa wewe uliyeulizwa kazini wakati wa chakula cha mchana, utasema nini? Chukua kitu kimoja. Sio maisha yako yote toka sunday school. Kitu kimoja cha karibuni ambacho bila Mungu usingekifanya au usingekivumilia, kiseme kwa Kiswahili cha kawaida, bila "nikaguswa na upako" wala "nikavuka kiwango", maana huyo mwenzako hana hio kamusi. Mwambie na sehemu ambayo bado huelewi. Alafu nyamaza umwache aulize. Kama una dakika mbili zinatosha, wale wazee wa ushirika walikuwa hawachukui muda mrefu, aliyechukua muda mrefu waliimba kumkatisha.

Sehemu ngumu kuliko zote ni nyumbani. Yule mtu aliyetolewa pepo kwenye Marko 5 aliomba aende na Yesu kwenye mashua, Yesu akamkatalia, akamwambia nenda nyumbani kwako kwa watu wa kwenu ukawaambie. Wa kwenu ndo wanaojua ulivyokuwa, na ndo wanaokuona asubuhi kabla hujavaa suti ya kanisani. Mtoto anayekuuliza kwa nini Mungu hakumponya bibi hahitaji hubiri, anataka kujua baba yake anaongeaje na huyo Mungu akiwa amekasirika naye. Kivengere alisimulia siku moja amegombana na mke wake na wakati huo huo anatakiwa aende kuhubiri, Roho akamwambia rudi ukaombe na mkeo, akajitetea kwamba muda umekwisha, watu wananisubiri, nitamaliza nikirudi. Akasikia, sawa, wewe nenda ukahubiri, mimi nabaki hapa na mkeo. Ikabidi arudi ndani kwanza.